Pointi 12, ribaundi 11, bloku 10: Karatasi iliyomtoa Biyombo

Leo sina habari za nani kamwacha nani wala nani kavaa nini kwenye shoo. Wale dada zangu wanaofungua ukurasa huu kwa ajili ya mambo ya mapenzi naomba wasikimbie, maana hata humu kuna mtu kapendwa ghafla, tena na watu waliokuwa hawamjui kabisa siku mbili kabla.

Tunaongelea karatasi. Ile karatasi yenye mistari na tarakimu kibao inayotolewa baada ya mechi ya mpira wa kikapu. Wengi wetu tukiipata tunaangalia kitu kimoja tu, nani kafunga nyingi, halafu tunafungia maandazi. Wajanja hawaisomi hivyo. Kuna watu Marekani kazi yao ni kukodolea macho karatasi hizo usiku kucha, wanalipwa, wanapanda ndege, wanalala hotelini, na asubuhi wanampigia bosi simu: "Mzee, yule dogo tusimwache."

Dogo ninayemzungumzia leo anaitwa Bismack Biyombo. Kazaliwa Lubumbashi, Congo, Agosti 28, 1992. Ukikutana naye barabarani humhitaji mkalimani, msalimie kwa Kiswahili tu. Atakuitikia kile cha kwao Katanga, chenye ladha yake, lakini mtaelewana.

Basi bwana, Aprili 9, 2011 kulikuwa na mechi mjini Portland, jimbo la Oregon. Jina lake Nike Hoop Summit, na ilianza kuchezwa mwaka 1995. Upande mmoja wanakaa vijana bora wa Marekani wasiozidi miaka 19, upande wa pili vijana wa umri huohuo waliookotwa kutoka pembe zote za dunia. Hawa wa pili lugha yao haifanani, makocha wao hawafanani, wanajuana wiki moja, kisha wanaambiwa ingieni uwanjani mkapambane na watoto wenye nyumba. Na kwenye viti wamejaa maskauti wa NBA, kalamu mkononi.

Timu ya Marekani ya mwaka ule haikuwa ya mchezo. Ilikuwa na Anthony Davis, Michael Kidd-Gilchrist na Bradley Beal. Mwaka uliofuata, 2012, NBA ilipochagua vijana wapya, Davis alikuwa wa kwanza, Kidd-Gilchrist wa pili, Beal wa tatu. Yaani watatu wa juu wa nchi nzima walikuwa kwenye benchi moja siku ile. Ongeza Austin Rivers, ambaye alichukuliwa nambari 10. Sasa huyo Mkongo wa miaka 18 ndiye aliyetakiwa kukaa chini ya ringi na kuwaambia hawa jamaa "hapa hapapitiki".

Mechi iliisha Marekani 92, Dunia 80. Kipigo cha pointi 12, hakuna cha kujitetea. Lakini karatasi ilipotoka, mstari wa Biyombo ulisomeka hivi: pointi 12, ribaundi 11, bloku 10.

Kwa wale wanaosikia kikapu kupitia redio ya jirani, ngoja niwafafanulie. Ukipata kumi au zaidi katika mambo matatu tofauti ndani ya mechi moja, hiyo inaitwa tripo-dabo. Mara nyingi mambo yenyewe huwa ni pointi, ribaundi, yaani kudaka mpira uliokosa kikapu, na asisti, yaani pasi inayozaa kikapu. Hiyo ya pasi ni ngumu, lakini tumeizoea. Ya bloku ni mnyama mwingine kabisa. Bloku ni kuupiga mkono mtupo wa mwenzako ukiwa bado unapanda. Ukiugusa unaposhuka kwenda kwenye ringi umefanya kosa, na kikapu kinahesabiwa. Kwa hiyo unahitaji mikono mirefu, miguu yenye springi na akili ya saa. Biyombo alikuwa na vyote vitatu. Urefu wake ni kama mita 2.05, lakini akinyoosha mikono yake kulia na kushoto unapata zaidi ya mita 2.2. Huyo hata kitanda chake nadhani kinatengenezwa kwa oda.

Tangu 1995 mechi hiyo ilikuwa haijapata kuona tripo-dabo hata moja, si ya Mmarekani wala ya mgeni. Kevin Garnett alishapita pale, Dirk Nowitzki alishapita, Tony Parker alishapita. Ya kwanza ikaandikwa na kijana wa Lubumbashi, tena kwa bloku!

Wanaojua kazi wanakumbuka jinsi vitu hivi vilivyo adimu hata kwa wakubwa. NBA yenyewe ilianza kuhesabu bloku rasmi msimu wa 1973-74 tu, ndiyo maana za Bill Russell na za Wilt Chamberlain zilipotea na upepo, hakuna aliyeziandika. Msimu huohuo wa kwanza Elmore Smith akapiga 17 katika mechi moja, na hadi leo zimebaki juu. David Robinson alikwenda mbali zaidi Februari 17, 1994: pointi 34, ribaundi 10, asisti 10, bloku 10. Na juzijuzi, Februari 2024, yule Mfaransa mrefu kama mnazi, Victor Wembanyama, aliwapiga Toronto pointi 27, ribaundi 14 na bloku 10. Hao wote ni watu wazima wenye mishahara. Wetu alikuwa na miaka 18 na suruali ya kuazima, nasema suruali ya kuazima kwa maana ya fulana ya timu aliyokabidhiwa wiki ileile.

Sasa najua kuna mshikaji kijiweni ameshaanza kutikisa kichwa. "Timu yake si ilifungwa? Bloku kumi zilisaidia nini?" Swali zuri, tena nalipenda, maana hapo ndipo karatasi inapotaka kusomwa kwa macho mawili.

Tupige hesabu ya dukani. Mtupo wa karibu na ringi ukiachwa upigwe, chukulia nusu ya mitupo hiyo inaingia. Nusu ya pointi mbili ni pointi moja. Kwa hiyo bloku kumi zinaokoa kama pointi kumi, si ishirini kama watu wanavyodhani. Halafu hata hiyo kumi usiimeze nzima: ukiupiga mpira ukaruka hadi kwa watazamaji, wapinzani wanarudishiwa na wanaanza upya. Bloku ya kishua ni ile ya taratibu, mpira unadondokea kwa mwenzako, mnaondoka nao. Karatasi haitofautishi. Zote zinaandikwa moja, moja, moja.

Lakini pia kuna upande ambao karatasi inamdhulumu mchezaji wa namna hii. Ukishapigwa bloku mbili, ya tatu unaanza kuogopa. Unafika chini ya ringi, unamwona yule mtu, unageuza safari na kutoa pasi ya kijinga. Au unatupa kwa haraka, mpira unapita juu. Hakuna safu ya kuandika "alimtisha". Hilo lipo kwenye macho ya aliyekuwa uwanjani tu. Ndiyo maana maskauti wanasafiri, vinginevyo wangeletewa karatasi kwa posta na kukaa nyumbani na wake zao.

Kwa hiyo timu ilifungwa, sawa. Jumla ya timu haikuwa nzuri: pointi 80, na katika hizo yeye alitoa 12, yaani asilimia 15. Hakuwa mfungaji na wala hakujifanya mfungaji. Tofauti na wengine waliopata umaarufu kupitia mechi hii hii.

Mwangalie Nowitzki. Mwaka 1998 huko San Antonio, Mjerumani huyo ambaye Wamarekani wengi walikuwa hawajui hata kutamka jina lake aliwapiga pointi 33 na ribaundi 14, na Dunia ikashinda 104 kwa 99. Ukisoma karatasi yake vizuri utacheka: vikapu vya kawaida alifunga 6 tu kati ya mitupo 12. Pointi 19 zilitoka kwenye mitupo huru, alipewa 23. Maana yake nini? Maana yake hawakumweza. Kila akiwafuata walimshika, walimvuta, walimchezea rafu. Mtu anayesoma safu ya pointi pekee hawezi kuliona hilo. Miezi michache baadaye alichaguliwa wa tisa, akaishia Dallas, na mwaka 2011 akaipa timu hiyo ubingwa.

Halafu kuna Enes Kanter wa Uturuki. Mwaka 2010, Portland palepale, alifunga pointi 34 na kuvunja rekodi ya Nowitzki, akachukua na ribaundi 13. Wakafungwa 101 kwa 97. Huyu kisa chake kina uchungu. Alikwenda chuo cha Kentucky akaambiwa haruhusiwi kucheza, eti klabu yake ya Uturuki ilishamlipa. Mwaka mzima akawa anafanya mazoezi na kupiga makofi akiwa benchi. Juni 2011 akachaguliwa wa tatu na Utah Jazz, bila kucheza hata mechi moja ya chuo. Sasa niambieni, walimchagua kwa kitu gani? Ile karatasi ya Portland ilifanya kazi kubwa sana hapo.

Na kama unadhani pointi nyingi ndiyo tiketi, mwulize Shabazz Muhammad. Mwaka 2012 aliwafungia Marekani pointi 35, rekodi mpya, na wenzake wote kwa pamoja wakapata 40. Marekani ikalala 84 kwa 75. Mtu mmoja karibu nusu ya timu, timu ikafa. Mwaka 2013 alichaguliwa wa 14. Si mbaya, wengi wetu tungechinja mbuzi, lakini ni nambari 14 kwa mtu aliyevunja rekodi.

Turudi kwa kijana wetu. Hakuanguka kutoka mbinguni. Akiwa bado dogo alikwenda Yemen kucheza, ndiyo, Yemen, na huko ndiko kocha mmoja wa Kireno, Mário Palma, alikomwona. Palma akamfungulia mlango wa Hispania, klabu ya Fuenlabrada, kando ya Madrid. Akawekwa timu ya pili, akapandishwa timu kubwa mwanzoni mwa 2011. Ligi ya Hispania si ya watoto, kule kuna wababu wa miaka 35 wanaojua kila ujanja wa kiwiko. Alicheza mechi 14, wastani wa pointi 6.4, ribaundi 8.1 na bloku 2.3. Ukiziangalia hizo namba na zile za Portland utaona ni mtu yuleyule: anafunga kidogo, anadaka sana, anazima mitupo. Hapo ndipo skauti anapoamini. Siku moja inaweza kuwa bahati. Namba zinazofanana Madrid na Portland, mbele ya watu tofauti kabisa, hiyo si bahati tena.

Maneno hayakukosekana. Kama ilivyo kawaida kwa vijana wa Kiafrika, wapo walioanza kunong'ona juu ya umri wake. Sijui kwa nini Mwafrika akiwa na kifua lazima awe ameficha cheti, wakati Mmarekani akiwa na kifua anasifiwa kwa lishe bora. Tuyaache hayo.

Juni 23, 2011 akachaguliwa nambari 7 na Sacramento, na usiku uleule akahamishiwa Charlotte Bobcats. Miezi miwili na nusu tu tangu mechi ya Portland! Msimu wake wa kwanza ulikuwa kimbembe: Charlotte walishinda mechi 7 na kufungwa 59, asilimia mbovu kuliko zote katika historia ya ligi ile. Na mwaka uliofuata nani akaletwa kumsaidia? Kidd-Gilchrist, mmoja wa wale aliowazuia Portland. Dunia duara.

Hakuwahi kuwa mfungaji, na hilo ndilo linalonifurahisha. Miaka yote NBA wastani wake umekuwa kama pointi tano kwa mechi. Ile karatasi ya 2011 ilimwambia kila mtu ukweli tangu siku ya kwanza. Wenye akili walimtumia kwa kile alichonacho. Mei 2016, akiwa Toronto, kwenye fainali ya upande wa mashariki dhidi ya Cleveland ya LeBron James, alidaka ribaundi 26 katika mechi moja, rekodi ya klabu. Pointi zake siku hiyo? Saba. Toronto wakashinda 99 kwa 84, na kiangazi kilekile Orlando wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72. Milioni 72 kwa kudaka na kuzima, washikaji! Wale mnaokataa kucheza ulinzi kwenye timu za mtaa eti ni kazi ya wasiojua mpira, mmesikia.

Fedha hizo hazikuishia kwenye magari. Mwaka 2021 baba yake, mzee François, alifariki. Mwaka 2022 Biyombo, wakati huo akiwa Phoenix Suns, alitangaza kwamba mshahara wake wote wa msimu ule unakwenda kujenga hospitali Congo kwa jina la baba yake. Kwa hilo alifuata nyayo za Mkongo mwenzake, marehemu Dikembe Mutombo, aliyefungua hospitali Kinshasa mwaka 2007 kwa jina la mama yake. Mutombo, ambaye tulimzika 2024, naye alikuwa mtu wa bloku: 3,289, wa pili katika historia ya NBA nyuma ya Mnigeria Hakeem Olajuwon mwenye 3,830. Na sisi Bongo tulipompeleka wetu, Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009, alikwenda kwa sifa ileile ya kuzima mitupo alipokuwa chuo cha Connecticut. Inaonekana ukanda huu tuna kipaji cha kukataa.

Lakini sasa hapa ndipo ninapopata hasira kidogo, mnivumilie.

Nenda jioni yoyote kwenye viwanja vyetu vya saruji. Utaona dogo anaruka mpaka unashika mdomo. Anapiga bloku, umati unapiga yowe, mwenye bloku anajipiga kifua, mechi inaendelea. Mwisho wa mechi muulize yeyote: kazuia ngapi? "Aah, nyingi." Kadaka ngapi? "Nyingi sana." Nyingi ni ngapi? Kimya. Ameshahitimu kidato cha nne, amecheza mashindano ya shule miaka minne, na hana karatasi hata moja inayosema alifanya nini. Siku kocha kutoka nje akituma ujumbe kuuliza namba zake, tunamjibu "ni mkali huyu, tuamini". Nani atakuamini? Nyumba tu ukitaka kupanga unaulizwa mdhamini.

Nilisoma na dada mmoja aliyekuwa hatari kwenye netiboli na kikapu vyote. Ukimpita kushoto anakungojea kulia. Leo ana duka la vipodozi na anajipatia riziki yake vizuri, sina neno. Ila nikiwaambia watu kwamba alikuwa mkali wanacheka, wanadhani namsifia kwa sababu nyingine. Ningekuwa na karatasi ningewafunga midomo.

Na wala si mambo ya fedha nyingi. Daftari moja la kurasa 80 linatosha msimu mzima. Chora mistari: jina, mitupo aliyopiga, iliyoingia, mitupo huru, ribaundi za upande wenu na za upande wao, asisti, mpira aliopora, mpira aliopoteza, bloku, rafu. Kila tukio kijistari kimoja, la tano unakata. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, asisti zina ubishi: pasi ikifika kwa mtu naye akadunda mara sita, akazunguka, akafunga, hiyo si asisti hata kama mtoa pasi ni rafiki yako. Pili, usisahau safu ya mipira iliyopotezwa. Hiyo watu wanaichukia, wataomba uifute. Usifute. Karatasi yenye sifa tupu hakuna skauti anayeisoma mara mbili.

Anayeandika asiwe mchezaji wala asiwe mpenzi wa mchezaji, hilo nalisisitiza kwa sababu nawajua. Mpe yule mwenye kifundo kilichoteguka anayekaa pembeni akinuna. Ana muda, anajua mchezo, na wivu wake utamfanya ahesabu kwa haki. Andika tarehe, andika timu mliyocheza nayo na matokeo, na kama mmefungwa kwa pointi 12, andika hivyohivyo.